Koti la Mhaya wa Runingani

Katika vichekesho vingi vya runinga za Tanzania, mhusika Mhaya hutambulika kabla hajafumbua kinywa. Amevaa koti na tai hata jua likiwaka, gazeti la Kiingereza li kwapani, na sebule aliyoketi ni ya Dar es Salaam. Akisema, hujisifu usomi wake, na jina la "nshomile", yaani nimesoma, humganda kama kupe. Watetezi wa vichekesho hivyo hudai kwamba ni mzaha mtupu, na koti ni koti tu.

Dai hilo halisimami. Mpenzi wa ushairi anajua kwamba jahazi halitajwi bure katika shairi. Kwa nini basi maleba ya mhusika yasiulizwe yamebeba nini?

Tena hao wanaochekwa wanajua uzito wa nguo. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kitambaa kilichoitwa Juliana kiliingia kwa magendo kutoka Uganda, kikawa fahari ya wenye fedha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana. Fahari ikageuka jina la kifo. Nani atawaambia watu wa Bukoba na Muleba kwamba vazi halisemi kitu?

Koti nalo lina nasaba. Seminari ya Rubya, Muleba, ilianza mwaka 1904, na kwa miaka mingi kahawa ya wazazi ndiyo iliyolipa karo za watoto. Runinga humwonyesha mtoto aliyevaa koti, ikamficha mzazi aliyelichumia. Majivuno yapo, na Wahaya wenyewe huyacheka. Kosa ni kukomea hapo.

Hata huko kujisifu kuna asili yake. Buhaya ina utanzu wa kivugo: shujaa husimama mbele ya mtawala, mkuki mkononi, akaghani matendo yake kwa mizani na taswira. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera na mtafiti wa tendi za nanga, ameueleza utanzu huo kwa Kiswahili fasaha. Mchekeshaji amechukua sauti ya kivugo akatupa shairi lake. Amemnyang'anya mtu mkuki akampa gazeti.

Kubwa zaidi ni mandhari. Nyumbani kwa Mhaya ni kibanjani, penye migomba, mibuni na makaburi ya wazee wake. Anayejigamba mjini hujua kwamba siku moja atarudishwa huko azikwe, mbele ya watu wanaomjua tangu hana viatu. Hapo majigambo yake hupata mpaka, na koti lake hupata huzuni. Sebule ya kukodi haina kaburi wala shahidi.

Waandishi wa michezo hawaombwi kuacha kuchekesha. Wanadaiwa jambo moja: wampeleke mhusika wao kibanjani, na koti lake, akasimame mbele ya wazee wake. Kama bado atachekesha, kicheko hicho kitakuwa halali.