Mafungu ya Mababu Katika Somo la Historia

Kumwagiza mwanafunzi aulize nyumbani habari za mababu zake ni njia njema ya kufundishia Historia, na walimu wengi huitumia. Lakini kazi haiishi pale mtoto aletapo kadi yake shuleni. Kadi arobaini zilizorundikwa mezani bado si somo. Huwa somo zinapopangwa. Nasi twashikilia kwamba namna ya kuzipanga ndiyo huamua kama mtoto atajiona ndani ya historia au nje yake.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha hapa Msamala tulishuhudia somo la namna hiyo. Mwalimu alikuwa ameandaa maboksi mawili, moja la Wangoni na jingine la makabila mengine. Kadi zilitiwa upesi, hata zamu ikamfikia binti mmoja aliyesimama kimya na kadi yake mkononi. Babu wa babu yake alizaliwa Mndendeule, akalelewa katika nyumba ya Kingoni na kulichukua jina la ukoo wa nyumba ile. Je, atiwe boksi lipi? Wenzake wakacheka. Binti akarudi kuketi, na kadi ile haikutiwa popote.

Kosa halikuwa la mtoto, bali la maboksi. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na kila walikopita waliongezeka kwa kuwaingiza watu wengine miongoni mwao, wengi wao wakiwa mateka. Walipokaa katika nchi ya Songea karne ile ya 19, Wandendeule na wengineo waliingizwa katika milki za Njelu na Mshope. Basi boksi la kabila humlazimisha mtoto ama kuikana sehemu ya nasaba yake, ama kuifufua mbele ya wenzake tofauti ya bwana na mateka. Hilo si lengo la somo letu.

Tunapendekeza mafungu ya aina nne: mahali mtu alipoishi, kazi aliyoifanya, tukio lililompata, na chanzo cha habari zake. Kadi yenyewe iwe moja tu, nayo ipewe namba. Katika kila fungu linalomhusu mtu huyo, mwalimu atie kipande cha karatasi chenye jina na namba ya kadi. Kwa njia hiyo babu mmoja aweza kuwa katika fungu la Msamala, la wahunzi, na la waliobatizwa Peramiho, wala hakatwi vipande. Mti wa ukoo huonyesha nani alizaliwa na nani. Fungu huonyesha nani aliishi pamoja na nani, hata kama hawakuwa ndugu. Vyote viwili vyahitajiwa.

Faida yake huonekana wazi katika habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, anajulikana na kila mtoto wa mji huu unaoitwa kwa jina lake, na mashujaa walionyongwa hukumbukwa hapa kila tarehe 27 Februari. Lakini wengi zaidi walikufa kwa njaa, baada ya majeshi ya Kijerumani kuteketeza mashamba na maghala. Mwalimu akiweka fungu la walionyongwa peke yake, wanafunzi wengi hawatakuwa na la kutia. Akiongeza fungu la walioteseka kwa njaa, na la waliohama ili kujiokoa, bibi asiye na kaburi linalojulikana naye atapata mahali pake.

Hata hivyo, fungu lisizidi ushahidi. Si kila aliyekuwa hai mwaka 1905 alipigana vita. Habari ikitokana na simulizi la nyanya, iwekwe katika fungu la masimulizi; ikitokana na daftari la ubatizo, isemwe hivyo. Mtoto akijifunza kuutenga ushahidi na uvumi, amejifunza kiini cha Historia.

Wako watakaosema kwamba kwa njia hii tunalificha kabila. Hatulifichi. Familia ikitaka kulitaja, liandikwe ndani ya kadi kama walivyosema wenyewe. Tunachokataa ni kulifanya kuwa mlango wa kuingilia darasani. Wengine watasema mafungu mengi yatawachanganya watoto. Basi mwalimu aanze na mahali peke yake, kisha juma lifuatalo aongeze kazi, na hivyo hivyo mpaka yatimie manne.

Siku hizi miti ya nasaba hutunzwa hata katika intaneti, na kanuni ni ile ile: wasifu mmoja, mafungu mengi, kila moja na ushahidi wake. Lakini habari za watu walio hai zisitolewe hadharani bila ridhaa yao.

Yatupasa basi, sisi tunaojiandaa kwa kazi hii, kuzisoma kadi zote kabla ya kuandika jina juu ya boksi lolote. Na ikiwa kadi moja haina pa kuingia, tusimrudishe mtoto kwenye dawati, tuongeze fungu.