Aliyewekewa Stenti Asiache Dawa: Tahadhari kwa Watu wa Kidodi

Ndugu zangu wa Kidodi, Ruaha na Mikumi: yeyote aliyezibuliwa mishipa ya moyo na kuwekewa stenti asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, hata kwa siku chache. Damu ikiganda ndani ya stenti, mshipa huziba ghafla na misuli ya moyo huanza kufa kabla ya saa moja kwisha. Kutoka Kidodi hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili, ni zaidi ya kilomita 300.

Wengi hurudi nyumbani wakidhani wamepona. Kifua hakibani tena, wanatembea hadi shambani, basi vidonge vinaonekana havina kazi. Hapo ndipo hatari ilipo. Stenti hufungua sehemu moja iliyobanana. Ugonjwa unaochafua mishipa unabaki mwilini.

Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza, Zurich, Septemba 1977, haikuchukua muda madaktari kugundua kwamba karibu theluthi ya mishipa iliyozibuliwa hivyo hubanana tena ndani ya miezi michache. Mwaka 1986 ikaja stenti, wavu mdogo wa chuma unaoushikilia mshipa usijifunge. Ikasaidia, ila kovu liliota ndani ya wavu wenyewe. Stenti zilizopakwa dawa, zilizoanza kutumika miaka ya 2000, zimelipunguza sana kovu hilo. Lakini dawa ileile huchelewesha utando wa ndani ya mshipa kukifunika chuma, na damu ikigusa chuma kilicho wazi huganda kwa urahisi. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, asprini pamoja na klopidogreli: kwa kawaida miezi 6, au 12 kwa aliyepata shambulio la moyo, kisha asprini huendelea. Muda huo hupangwa na daktari. Hata anayekwenda kung'oa jino amwambie mganga kwamba ana stenti, na asisimamishe vidonge kabla hajamuuliza daktari wake wa moyo.

Linalonitia hofu zaidi ni vidonda vya tumbo. Kwetu, mtu akisikia moto kwenye chembe ya moyo, anaambiwa ni vidonda, ananunua omeprazoli dukani na kuendelea na kazi. Kwa mwenye stenti kosa hilo ni mara mbili. Kwanza, ule moto unaweza kuwa mshipa unaobanana upya. Pili, omeprazoli inaweza kupunguza nguvu ya klopidogreli, ile ile inayomlinda. Zipo dawa nyingine za tumbo. Daktari atachagua inayofaa. Na wakata miwa wanaotuliza mgongo kwa diklofenaki wajue kwamba dawa hiyo huongeza hatari ya shambulio la moyo, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hapaswi kuitumia.

Mshipa unaobanana polepole hutoa dalili, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza: kifua kubana unapopanda mlima au kubeba mzigo, pumzi kukata, maumivu kwenda kwenye taya au mkono. Mwenye kisukari yuko hatarini zaidi, na anaweza asisikie maumivu yoyote ila uchovu na jasho la baridi. Sigara nayo iachwe kabisa.

Ukiona dalili hizo, nenda hospitali, si duka la dawa. Sema mapema kwamba una stenti, onyesha kadi uliyopewa, omba kipimo cha umeme wa moyo. Maumivu yakija umekaa, yasipotulia, tafuteni gari wakati huohuo, usiku au mchana.

Na leo hii, kabla hujalala, hesabu vidonge vyako. Vikiwa vimebaki vya wiki mbili, anza kutafuta vingine sasa, na waambie wanao wasikuache ukose.