Tuwatafute Wasioonekana: Funzo la Takwimu kutoka Bukoba na Muleba

Katika shule nyingi za sekondari takwimu hufundishwa kama sehemu fupi ya hisabati. Mwanafunzi hupewa safu ya tarakimu, akatakiwa kupata wastani, kuchora chati na kufunga daftari. Ni nadra kuulizwa tarakimu hizo zimetoka wapi, nani alizikusanya, na ni nani ambaye jina lake halimo. Kwa maoni yangu, swali hilo la mwisho ndilo moyo wa fani yote. Ubora wa takwimu hupimwa kwa juhudi iliyofanywa ya kuwapata watu wasioonekana. Na ushahidi wa jambo hili haupo mbali, umo katika kazi zilizofanyika mkoani Kagera, Bukoba na Muleba.

Watu wa mkoa huo waliuonja uchungu wa orodha isiyotimia tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliofariki hutajwa kwa viwango vinavyotofautiana, kuanzia 800 hadi karibu 1,000. Aliyekosa kuandikwa alipokuwa hai hakuweza kuhesabiwa alipokufa.

Sasa tutazame kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba asilimia 24.2 ya watu wazima mjini Bukoba walikuwa na virusi, ilhali Ngara na Biharamulo kiwango kilikuwa asilimia 0.4 tu. Wastani wa mkoa mzima, asilimia 9.6, usingemweleza mganga wa Bukoba mjini wala wa Ngara hali ya mahali pake.

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi: kaya iliyompoteza mtu mzima huishije baadaye? Ili kulijibu, Benki ya Dunia na wataalamu wa Muhimbili waliendesha Uchunguzi wa Afya na Maendeleo Kagera kati ya mwaka 1991 na 1994. Kaya zaidi ya 900 katika jamii 51 zilitembelewa, nyingi kwa mara nne. Kaya hizo hazikuokotwa kando ya barabara. Maeneo yaliteuliwa kwa nasibu kwa kutumia sensa ya mwaka 1988. Kisha kaya zote za kila eneo zikaorodheshwa na kuulizwa habari za ugonjwa na vifo vya watu wazima. Ndipo kaya za kuchunguzwa zilipoteuliwa, tena kwa nasibu, na zile zilizofikwa na misiba zikaongezwa kwa makusudi ili ziwe za kutosha kulinganishwa na nyingine.

Kazi kubwa zaidi ilikuja baada ya miaka kumi. Mwaka 2004, na tena mwaka 2010, wadadisi wa Economic Development Initiatives, kampuni ya utafiti iliyoanzishwa mjini Bukoba, walitumwa kuwatafuta watu wale wale. Mwaka 2004 walikuta kwamba zile kaya mia tisa na kitu zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Watoto wa jana walikuwa wameoa na kuolewa, mayatima walikuwa wamechukuliwa na ndugu, vijana walikuwa wamehamia miji mingine na hata Uganda. Takriban nusu ya kaya hizo hazikuwa tena katika kijiji cha awali. Haikutosha kuandika neno "amehama" na kwenda zake. Mdadisi alipaswa kuwauliza jamaa na majirani, kisha kufuata nyayo. Mwishowe, katika kaya ambazo angalau mtu mmoja wa awali alikuwa hai, asilimia 93 zilipatikana.

Je, taabu hiyo ilikuwa na faida gani? Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walizichambua takwimu hizo, wakaona kwamba kuhama kuliongeza nukta 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi ya mtu kati ya mwaka 1991 na 2004. Maana yake ni hii: kama matumizi ya aliyebaki yangekua kwa asilimia 10, ya mwenzake aliyehama yangekua kwa asilimia 46. Msomaji makini atauliza kama waliohama hawakuwa na elimu au mali zaidi tangu mwanzo. Swali hilo ni halali. Kwa sababu hiyo watafiti waliwalinganisha watu waliotoka katika kaya moja: ndugu aliyebaki kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na nduguye aliyeondoka. Njia hiyo haiondoi kila shaka, lakini huondoa nyingi.

Hebu tufikiri wangalipimwa waliobaki vijijini peke yao. Taarifa ingalisema kwamba hali ya watu hao imeboreka kidogo mno kuliko ilivyokuwa kweli. Isingalikuwa na kosa hata moja la kujumlisha wala kugawanya. Kosa lingalikuwa katika watu waliosahauliwa.

Wilaya ya Muleba inatupa funzo la pili. Kuanzia mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na wenzao wa Moshi na London, walijaribu chandarua kilichotiwa, pamoja na dawa ya kawaida, kemikali iitwayo piperonili butoksidi, ambayo hudhoofisha usugu wa mbu. Maeneo 48 yaligawanywa kwa nasibu katika makundi manne, ili asiwepo mtu wa kupendelea kijiji chake. Baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 palipogawiwa chandarua kipya, na asilimia 42 palipogawiwa cha kawaida. Baada ya miezi 21 viwango vilikuwa asilimia 45 na 62.

Hapa pia tuulize ni nani aliyehesabiwa. Watoto waliopimwa walihesabiwa kwa kufuata eneo walimoishi, hata kama usiku ule hawakulala ndani ya chandarua. Lau wangalihesabiwa watumiaji hodari tu, matokeo yangalipendeza zaidi, lakini yasingalimfaa waziri wa afya, ambaye hugawa vyandarua kwa watu wote, wenye bidii na wasio nayo. Matokeo ya Muleba yalikuwa msingi wa Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza vyandarua vya aina hiyo mwaka 2017.

Watakuwapo wanaosema kwamba kuwafuata watu toka kijiji hadi mji ni gharama ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba. Ni kweli kwamba mafuta ya gari na posho ya mdadisi si vitu vya bure. Lakini takwimu potofu pia zina gharama, na mlipaji wake ni mwananchi asiyehesabiwa. Zaidi ya hayo, upo uaminifu usiogharimu chochote: kila atoaye takwimu aseme ni wangapi walikosekana, na ni watu wa namna gani.

Uaminifu huo waweza kuanzia darasani. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule inaandikisha wanafunzi 100 katika Kidato cha Kwanza. Miaka minne baadaye 60 wanafanya mtihani, na 45 wanafaulu. Ubaoni pataandikwa ufaulu wa asilimia 75, na wazazi watapiga makofi. Lakini katika wale 100 walioanza, waliofaulu ni asilimia 45 tu. Hesabu zote mbili ni sahihi; tofauti yao ni wanafunzi 40 ambao hakuna aliyewauliza walikokwenda. Pengine wengine walihamia shule nyingine na wakafaulu huko; pengine wengine wanavua samaki ziwani, au wanalea watoto. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Ruhusa hiyo ni njema, lakini hatuwezi kumrudisha mtu ambaye hatujui kwamba hayupo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba walimu wa hisabati wa Bukoba, Muleba na kwingineko walifanye jambo hili kuwa zoezi la darasa. Wanafunzi wachukue rejesta ya Kidato cha Kwanza ya miaka minne iliyopita, na kwa idhini ya mkuu wa shule wahesabu waliobaki, waliohama na wasiojulikana walipo. Majina yabaki siri, kama yanavyobaki siri katika sensa. Zinazotakiwa ni idadi. Kisha wapate wastani mara mbili, kwanza bila ya waliokosekana, halafu kwa kukadiria hali yao kwa wema na kwa ubaya, waone jibu linavyosogea. Watakwimu walioko mkoani, katika halmashauri, hospitali na vituo vya utafiti, wafike shuleni japo mara moja kwa mwaka. Siku ya Takwimu Afrika, tarehe 18 Novemba, yaweza kufaa. Wasije na hotuba. Waje na hojaji zao, ramani zao na habari za safari zao za kumtafuta mtu mmoja kutoka kijiji hadi kijiji.

Kijana aliyefunzwa hivyo hataishia kuuliza, "Jibu ni ngapi?" Atauliza pia, "Nani hayumo?" Taifa linalopanga shule, dawa na barabara kwa kutumia tarakimu linawahitaji raia wengi wenye kuuliza hivyo.