Kambare na Maji Yake

Sisi tunaowapelekea jamaa zetu fedha za mabwawa ya kambare huuliza uzito wa samaki tu, hali ya maji hatuiulizi. Amonia hutoka katika matamvua ya samaki wenyewe na katika chakula kilichobaki kikaoza. Ukali wake huzidi maji yakipata joto na uasidi ukipungua, kama wakati wa alasiri. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hivyo hafi upesi, na hapo ndipo mwenye bwawa hudanganyika. Samaki huyo hula kidogo, hutumia protini na mafuta ya mwili wake mwenyewe, na mnofu wake huzidi maji. Basi tumelisha nini? Kabla ya kutuma fedha nyingine za chakula, tuwaombe wapunguze kulisha na wabadilishe sehemu ya maji.