Nyumba Zetu Hazijapinda, Zimepinda Picha Zenu

Wandugu, leo nasema wazi, mwenye kukasirika akasirike.

Huku kwetu Buterere kuna majengo ya aina mbili yanayopigwa picha sana: uwanja wa ndege wa jirani na nyumba ya mkimbizi.

Kwa uwanja wa ndege, mpiga picha anasimama mbali, anasawazisha simu, na yale mapaa meupe ya duara yanakaa sawa na anga juu yake. Heshima tupu! Kwa nyumba yetu je? Anabaki ndani ya gari, anainamisha simu, anabonyeza 0.5, mtoto asiye na viatu mbele, takataka nyuma. Kwenye ripoti ukuta umelala. Watu wanasema: masikini, nyumba inaanguka!

Haianguki. Ni simu. Ukiielekeza juu, kuta zinaegemeana kule juu. Ukiielekeza chini, zinabanana kule chini. Na hiyo 0.5 inavuta kila kitu kilicho pembeni. Ukuta uliojengwa kwa kamba na timazi unaonekana kama umelewa.

Najua mtatujibu: “Bila picha ya huruma mfadhili hatoi.” Sawa, lakini anatoa nini? Maji yalipoingia kwetu, alikuja mtu wa shirika akampiga mama mmoja mlangoni akiwa ameshika godoro lake. Picha ilikata hapo hapo kwenye kizingiti. Mfereji ulioziba, hatua mbili tu mbele yake, haukuonekana. Alama ya tope ukutani, iliyofika karibu na komeo, haikuonekana. Tukaletewa mablanketi. Mvua iliyofuata, mfereji bado umeziba, mablanketi nayo yakalowa.

Kwa hiyo kupanga picha si mapambo. Unachokata ndicho ambacho hakitatengenezwa.

Na sisi vijana tusijifanye watakatifu. Nani hapa hajawahi kujipiga picha mbele ya geti la watu, lenye marumaru, akaweka kwenye status kama kwao? Tukiionea aibu nyumba yetu, tusishangae mgeni akiionea huruma.

Fanyeni hivi. Kwanza piga hodi, omba ruhusa. Vuka barabara, simama mbali kidogo. Shika simu wima, usawa wa kifua, washa ile mistari ya kwenye kioo, kona ya ukuta ifuate mstari. Njoo asubuhi: jua likiwa chini linapiga ukuta kwa ubavu, kila tofali la udongo linaonekana; saa sita mchana utapata mng'ao wa mabati tu. Acha nafasi chini, mfereji uingie. Namba ya nyumba isionekane, maana wapo wenye sababu ya kutotaka kutafutwa.

Na kabla ya kutuma, mwonyeshe mwenye nyumba. Akisema “hii si kwangu”, futa, rudia.