Mwambie mtoto ukweli kuhusu mbwa mzee

Wazazi wenzangu, wiki hii naomba niwasimulie habari ya mbwa. Najua wapo wanaotaka kuhamia ukurasa mwingine. Subirini kidogo, kwani habari hii inaishia kwa mtoto.

Sisi wa Kariakoo tumezoea kuona nyumba za zamani za vyumba sita zikivunjwa kupisha maghorofa. Mwaka jana ilivunjwa moja mtaa wa nyuma yetu. Wenyewe walipakia vyombo kwenye Fuso wakahamia mbali. Tomi, mbwa aliyewalindia uani zaidi ya miaka kumi, akabaki. Alikuwa na mtoto wa jicho upande mmoja, na mguu wa nyuma akiuburuta. Usiku alilala mbele ya mabati ya ujenzi, pale pale ulipokuwa mlango wao.

Mwanangu wa darasa la nne akaanza kubakiza dagaa kwenye sahani. Nilipogundua nikamkataza. Tunaishi ghorofa ya tano, hatuna uani. Ni Waislamu, na mama mkwe anaishi nasi. Tena kichaa cha mbwa si jambo la mchezo.

"Mama, simleti ndani," akanijibu. "Nampeleka maji tu."

Nikamgeukia mama mkwe nikitegemea ataniunga mkono. Kumbe yeye ndiye aliyempa kopo tupu la rangi la kuwekea hayo maji! Akanikumbusha kisa tulichofundishwa madrasa, cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. "Mate yake ni najisi kwetu," akasema, "lakini kiu yake si najisi."

Mlinzi wa jengo letu ndiye aliyetuunganisha na dada mmoja muuza vitambaa. Siku za kazi yuko dukani, Jumapili yeye na wenzake wanahangaikia mbwa wazee na walemavu. Hawana banda wala ofisi. Wanachofanya ni kulea kwa muda: mbwa anakaa nyumbani kwa mtu mwenye uwanja na moyo, wengine wanachangia chakula na dawa, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Asipopatikana, anamalizia siku zake hapo hapo.

Utaratibu huu upo kwingine pia. Kule San Francisco, Marekani, shirika la Muttville linaokoa mbwa wazee tangu 2007, na wale wenye maradhi yasiyopona huwekwa kwa familia za kujitolea huku shirika likilipia matibabu. Hapa kwetu yapo mashirika ya kutetea wanyama kama TAWESO la Dar es Salaam na Mbwa wa Africa la Arusha, na tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Lakini sheria haina uwanja wa kumlaza mbwa. Watu ndio wenye uwanja.

Tomi akachanjwa, akapelekwa kwa mama mmoja wa Kigamboni. Daktari wa mifugo alisema wazi, mbele ya mwanangu: figo zimechoka, ana miezi, si miaka.

Tulivuka na pantoni mara mbili kwenda kumwona. Mara ya pili hakuinuka, alitikisa mkia tu. Mwezi mmoja baadaye nikapokea ujumbe kwenye simu: Tomi amekufa usiku.

Hapo ndipo nilipokosea, au niseme nilikaribia kukosea. Mtoto alikuwa shule. Nikapanga kumwambia kuwa Tomi amepelekwa shamba Morogoro, kuna nafasi kubwa, hatuwezi kwenda kumwona. Wangapi kati yetu tumeambiwa "amepelekwa shamba"? Na wangapi tulikuja kujua, tukajiuliza ni mangapi mengine tuliyodanganywa?

Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto alijua tangu siku ya kwanza kuwa yule ni mzee," akasema. "Wewe ndiye uliyesahau."

Nikamwambia ukweli. Alilia sana. Kisha akauliza swali moja tu: "Alikuwa peke yake?" Nikamjibu hapana, yule mama alikaa naye. Akanyamaza. Kesho yake akaniomba tupeleke Kigamboni dagaa waliobaki, kwa sababu kuna mbwa mwingine ameletwa.

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto mwenye moyo huo, zingatieni haya:

Kwanza, chanjo. Mtoto asimguse mbwa wa mtaani kabla mtu mzima hajahakikisha amechanjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Na mfundishe asifiche akiogopa kugombezwa.

Pili, mbwa mzee huenda haoni au hasikii vizuri. Akishtuliwa anaweza kung'ata, hata awe mpole vipi. Mtoto asimguse akiwa amelala au anakula.

Tatu, msimpe dawa zenu. Panadol na dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumuua. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa pia ni hatari. Ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi si vibaya kwa kuanzia, mengine aseme daktari wa mifugo.

Nne, msilazimike kumweka ndani. Kama imani au nafasi haiwaruhusu, kuna chombo chake cha nje, kuna mchango wa chanjo, kuna kumtafutia mwenye uwanja.

Tano, semeni mwisho mapema. Mtoto aambiwe tangu mwanzo: huyu ni mzee, tutakuwa naye kwa muda, kisha atakufa. Ukweli uliosemwa mapema unauma, lakini mtoto anaumia akiwa bado anakuamini.

Mama mkwe naye siku hizi magoti yanamsumbua, ngazi za ghorofa tano anazipanda kwa kupumzika. Juzi nimemwona mwanangu amesimama naye ghorofa ya tatu, amembebea kikapu, hamharakishi. Sikumtuma.

Tukutane wiki ijayo, wazazi wenzangu.