Usinakili Friji ya Mwenye Gereji

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za programu nizungumzie bia. Msikasirike. Mtaona kwamba tutarudi kwenye programu bila hata kukata kona.

Jirani yangu hapa Karagita, kijana anayefanya kazi katika shamba la maua, alinunua friji kuukuu kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Friji inagandisha vizuri, ila mpira wa mlango umechoka. Akaja kwangu na simu mkononi. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Nimepata maelekezo ya kugeuza friji iwe ya kumimina bia. Pipa linakaa ndani, mfereji unatokea mlangoni, mtungi wa gesi unakaa pembeni. Niandikie tu programu ya kuchunga baridi."

Nikamuuliza, mtungi utakaa wapi? Akanionyesha: kati ya friji na kitanda. Kitanda anacholalia yeye, mke wake na mtoto wa miaka miwili.

Sikuandika programu. Nikaomba nione hayo maelekezo. Yameandikwa vizuri kabisa, picha nzuri, hatua kwa hatua. Mwandishi ni Mmarekani, na katika kila picha friji yake imesimama ndani ya gereji. Mlango wa gereji ni mpana kupita ukuta mzima wa chumba cha jirani yangu, na uko wazi.

Sisi waandika programu tuna msemo mmoja wa aibu: "Kwangu inafanya kazi." Mteja analia mfumo umeanguka, nasi tunajibu hivyo, kana kwamba mteja anaishi ndani ya kompyuta yetu. Maelekezo yale ni "kwangu inafanya kazi" ya kurasa kumi. Ugomvi wangu si na Mmarekani, kwani yeye aliandika ya kwake. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoyachukua, tunayatafsiri nusu nusu na kuyasambaza bila kuuliza yanaangukia chumba gani.

Tupige hesabu. Chumba cha ploti zetu ni futi 10 kwa 10, dari kama mita 2 na nusu. Hiyo ni hewa ya mita za ujazo 23 hivi, hata kabla hujatoa nafasi ya kabati na kitanda. Mtungi mdogo una kilo 2 za kaboni dayoksaidi, hewa ukaa ile ile inayofanya soda itoe povu. Ikivuja yote, katika mwinuko wetu inajaza takriban lita 1,370, yaani karibu asilimia 6 ya chumba kilichofungwa. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani huhesabu asilimia 4 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Gesi hii haina rangi, na ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inapovuja hupenda kutulia chini, palipo na godoro. Katika gereji iliyo wazi, mtungi ukivuja umepoteza hela ya gesi. Katika chumba hiki usiku, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Naivasha, unaweza kupoteza familia.

Kosa la pili ni la kuchekesha kidogo. Maelekezo yanasema: friji iwe nyuzi 3 na geji isome PSI 12. Mmarekani yule hakudanganya, ila jedwali lake ni la usawa wa bahari. Geji husoma tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje, na hapa, takriban mita 1,900 juu ya bahari, hewa ya nje inasukuma kwa asilimia 80 hivi ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Ukitaka bia ibaki na gesi ile ile, lazima uongeze PSI 3 hivi, geji isome 15. Na kwa kuwa bia sasa inatoka kwa nguvu zaidi, mpira wa kumiminia lazima nao uwe mrefu zaidi, la sivyo utajaza glasi povu. Namba ile ile iliyo sahihi kwake ni kosa kwetu. Programu haikubadilika, mashine ndiyo iliyobadilika.

La tatu ni friji yenyewe. Maelekezo yanakwambia utoboe ubavuni, kwa sababu friji ya mwandishi inaruhusu. Friji nyingi zina mabomba ya gesi ndani ya kuta za pembeni, ndiyo maana ukizigusa ubavuni zina joto. Ukitoboa hapo umeua friji kwa sekunde moja. Soma kwanza kibandiko cha nyuma. Kikisema R12, hiyo ni gesi inayokula tabaka la ozoni, ambayo mataifa yalikubaliana kuidhibiti huko Montreal mwaka 1987. Kikisema R134a, gramu 100 tu ukiziachia zinapasha dunia joto kama zaidi ya kilo 130 za hewa ukaa. Kikisema R600a, huyo ni ndugu wa gesi ya kupikia: inawaka, na keekee yako ya umeme inatoa cheche. Kama ni lazima utoboe, toboa mlango, ambao kwa kawaida hauna mabomba. Na kabla ya yote pima: pipa la lita 50 la kiwango cha Ulaya lina upana wa sentimita 41 na kimo cha 53, na likijaa linapita kilo 60. Rafu ya kioo haitalibeba hata dakika moja.

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema nawanyima watu wa chini starehe. Hapana. Bia ya kegi nchini Kenya si anasa ya wenye gereji. Senator Keg ililetwa sokoni mwaka 2004 ikilenga hasa watu wa kipato kidogo waliokuwa wakinywa pombe haramu. Kijana wa maua kutaka glasi baridi nyumbani kwake baada ya zamu si kiburi, na sitamcheka. Ninachokataa ni alipe starehe hiyo kwa pumzi ya mtoto.

Wa pili atasema: mbona fundi fulani alimfungia mtu, na hakuna aliyekufa? Ndugu yangu, programu yenye hitilafu nayo hufanya kazi siku mia. Siku ya mia na moja ndiyo tunayoizungumzia. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani wasiamke. Ile ni gesi nyingine, kali zaidi, lakini somo ni moja, na tumeshalijua: jiko hutolewa nje. Mtungi nao utolewe nje.

Wa tatu atasema nje kuna wezi. Kweli, wapo. Basi tafuta pampu ya mkono, usukume kwa hewa ya kawaida siku ya sherehe, na pipa liishe siku hiyo hiyo, maana hewa huchachua bia upesi. Hakuna mtungi wala geji. Wengi wenu mnachohitaji ni hicho tu, kwani lita 50 ni glasi 100 za nusu lita, na nyumbani mko wawili. Lakini ukianza kuwauzia majirani hizo glasi, ujue Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni. Sisi wa Naivasha hatuna kisingizio cha kutoijua: Wakenya waliibatiza jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wetu wakati huo.

Sasa linaloniuma zaidi. Karagita imejaa watu wanaoijua baridi. Waridi zinazopakiwa kando ya barabara ya Moi South Lake hukaa kwenye vyumba baridi kabla ya kusafirishwa, na mafundi wanaovitunza vyumba hivyo wanapanga nyumba humu humu kwetu. Ploti ya pili kutoka kwangu yuko mmoja. Jirani yangu alisoma kurasa kumi za mtu wa ng'ambo kabla ya kubisha mlango ulio hatua thelathini kutoka kitandani kwake. Nami nina hatia: tumewafundisha vijana kwamba maarifa hukaa mtandaoni, na fundi ni mtu wa kuitwa kitu kikishaharibika.

Tulimwita. Alisoma kibandiko, akapitisha kiganja ubavuni, akaweka alama ya chaki mlangoni na kusema, "Hapa." Mpira wa mlango akaubadilisha. Mtungi sasa uko nje ukutani, umesimama wima ndani ya sanduku la chuma lenye tundu za hewa, kwa mnyororo na kufuli. Mpira wa gesi unapita ukutani, viungo hupimwa kwa maji ya sabuni, na valvu hufungwa kila usiku. Geji inasoma 15. Na ile programu ya kuchunga baridi? Haikuandikwa. Kidhibiti cha friji kilichokuwamo tangu mwanzo kinatosha, pamoja na thamometa ndani ya glasi ya maji.

Ombi langu kwa tunaoandika maelekezo ni dogo. Juu kabisa, kabla ya picha ya kwanza, tuandike mazingira yetu: chumba ni kikubwa kiasi gani, mlango uko wapi, tuko mita ngapi juu ya bahari, friji ina gesi gani. Ni mistari minne tu.

Mwenye ubishi aje Karagita na geji yake.